Changamoto Ndogo za Kiufundi

Wenzangu mliobaki kitengo cha michezo mmeniomba niandike nilivyokuwa nikitayarisha tathmini ya timu kabla ya mbio za magari. Mmesema, "Kwa ufupi, Bi Zuhura, kurasa mbili tu." Kazi ya zaidi ya miaka ishirini na mitano mnaitaka kwa kurasa mbili, kisha mtaisoma kwenye simu huku mnakula. Haya, nitaandika. Vyeo sitaviandika, kwa sababu vingi nilipewa siku ambazo hakuna mwengine aliyekuwepo ofisini. Mshahara nao sitautaja. Mnaujua, na hauna hadithi.

Nilianzia kwenye matangazo ya vifo. Sauti yangu ni nzito, na meneja wa wakati ule aliona inafaa kwa misiba. Asubuhi moja nilikuwa nashuka ngazi za studio na karatasi zangu mkononi, nikakutana na Bwana Kombo anapanda, anahema. Bwana Kombo ndiye aliyekuwa akitangaza mbio za magari, peke yake, kisiwa kizima.

"Wewe binti wa vifo, unajua gari?"

"Najua kupanda."

"Inatosha. Nenda Michenzani, gereji iliyo nyuma ya majumba, kaniangalie gari ya timu yao. Urudi uniambie ikoje."

Nikaenda. Niliizunguka gari mara mbili, nikaitazama vizuri, nikarudi.

"Ehe, ikoje?"

"Nyeupe."

Bwana Kombo akaweka kalamu chini. "Paka wa bibi yangu naye mweupe, na sijamwandikisha kwenye mbio. Rudi."

Nilikwenda Michenzani mara tatu siku ile, kwa miguu, juani. Mara ya pili nilileta jina la dereva, ambalo Bwana Kombo alikuwa nalo tangu zamani. Mara ya tatu fundi mmoja alinihurumia, akaniinamisha chini ya gari akanionyesha mafuta yanavyodondoka kwenye sanduku la gia. Akaniambia mbio zilizopita gia ya tatu iliwakataa njiani, na hadi siku ile walikuwa hawajaifungua kuitazama. Nilipomfikishia Bwana Kombo habari hiyo, hakunisifu. Alifungua daftari, akaandika, akasema, "Kesho gereji ya Fumba."

Kwa wale miongoni mwenu mlioletwa kitengo hiki kwa sababu ya sura nzuri za kwenye mtandao, naeleza. Mbio zetu ni za Jumamosi na Jumapili. Barabara hugawiwa vipande, kila gari hukimbia peke yake na kupimiwa muda, na mwenye jumla ndogo ya muda ndiye mshindi. Ndani ya gari mna watu wawili, dereva na msoma njia. Msoma njia hukaa kushoto, daftari mapajani, akimwambia dereva kona inayokuja ikoje. Kazi yetu sisi ilikuwa Ijumaa saa tisa alasiri, kuzipima timu moja baada ya nyingine kwa jinsi zilivyofanya katika mbio za karibuni.

Bwana Kombo hakutaka kusikia timu ilimaliza ya ngapi. Alitaka muda wa kila kipande. "Kumaliza wa pili si habari," alikuwa akisema. "Huenda wawili wa mbele walipasua matairi." Kwa hiyo nilikuwa nakaa na karatasi za kamati ya mbio, zile zilizopigwa chapa vibaya hata tatu hujui ni tatu au nane, nikizihamisha kwenye daftari kipande kwa kipande. Nikimaliza, ndiyo naanza kuzunguka gereji. Nilibeba kanga kuukuu ya kutandika, kwa sababu gari haitazamwi kwa kusimama. Mara ya kwanza mafundi waliona ajabu, mwanamke kalala chini ya gari yao. Mara ya pili walinisogezea taa.

Na baada ya yote hayo, watu walitaka jina la mshindi tu! Nakwenda sokoni kununua samaki, muuzaji ananiuliza, "Bi Zuhura, nani?" Nikimwambia inategemea mvua na klachi ya Fumba, ananiuzia samaki wa jana. Ofisini vilevile. Kuna meneja mmoja aliyewahi kunishauri nifupishe tathmini iwe dakika mbili, ili wimbo upate nafasi. Nilimuuliza wimbo huo unashiriki mbio kwa gari gani.

Bwana Kombo alistaafu koo lilipomsumbua, kipindi nikaachiwa mimi. Miaka ilikwenda. Nilikosea mengi, kama kila mtu, na mengi hayakumdhuru mtu yeyote. Lakini lipo moja ambalo nililifanya nikiwa na macho yangu mawili na akili yangu timamu, na hilo ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Mwaka ule timu ya Matemwe ilikuwa inazungumzwa sana. Kiongozi wake alikuwa Bwana Makame, mtu mzima, mpole wa kauli, aliyeiunda timu ile kwa mikono yake nyuma ya nyumba yake. Dereva ni mwanawe, Vuai. Msoma njia ni Pandu, kijana mtaratibu aliyemuoa binti wa Makame. Mbio mbili mfululizo walikuwa wamemaliza wa tatu, na mdhamini wao, mwenye hoteli mmoja wa pwani ile, alikuwa ameahidi kuwanunulia gari nyengine wakimaliza vizuri mara ya tatu.

Nilipofungua daftari nikaona jambo. Kwenye vipande vilivyonyooka, Matemwe walikuwa wa kwanza. Kwenye vipande vya kona walikuwa wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho. Mwaka wa nyuma yake kona zilezile walikuwa wakizipita vizuri kabisa. Niliwauliza watu wa mbio, na kila mmoja alikuwa na jibu moja: Vuai kaoa, kaanza kuogopa kufa. Hata mjumbe wa kamati, mtu mwenye kofia na cheo, aliniambia hivyo bila kucheka. Nikajiuliza huyu bibi harusi ni wa namna gani, anayemtisha mumewe kwenye kona tu na kumwacha aruke kwenye njia iliyonyooka.

Alhamisi nikaenda Matemwe. Gari ilikuwa imepandishwa juu ya mawe, Pandu amechutama pembeni na spana. Nilitandika kanga yangu, nikaingia chini. Mpira wa kupitishia mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele kushoto ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi, na juu ya utepe umefungwa ukanda wa tyubu. Niliugusa. Vidole vikarudi vimelowa.

"Bwana Makame, huu mpira unavuja."

"Hauvuji, Bi Zuhura. Ni jasho tu la gari."

"Gari haitoki jasho."

"Hii inatoka."

Nikatoka chini, nikajipangusa. Nikamuuliza Vuai kama ndiyo maana anakanyaga breki mapema kabla ya kona. Vuai akamtazama baba yake. Pandu akaitazama spana. Bwana Makame akanishika mkono akanivuta kando, kwenye kamba walizoanikia mwani.

"Mpira mpya nshauagiza Dar. Unaingia na boti Jumamosi asubuhi, tunaufunga, tunaondoka. Sasa wewe kesho ukisema breki mbovu, mdhamini anasikiliza. Atajitoa. Hawa vijana watarudi kukaa barazani. Nakuomba kama ndugu yangu, usituharibie."

"Na boti isipoleta?"

"Italeta."

Pandu ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani. Nilipokuwa napanda pikipiki ya ofisi ndipo akauliza, "Bi Zuhura, kesho kipindi saa ngapi?"

"Saa tisa, kama siku zote."

"Ntasikiliza," akasema.

Nilidhani ananipa heshima.

Ijumaa asubuhi niliandika tathmini yangu kama nilivyoiona: mpira unavuja, umefungwa kwa tyubu, dereva anajua, gari haifai kukimbia mpaka ubadilishwe. Meneja akaisoma. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuogopa simu. Akasema yule mwenye hoteli anatangaza na sisi. Akasema mpira si unakuja? Sasa kwa nini tuseme jambo ambalo kesho saa mbili asubuhi halitakuwa kweli? "Weka maneno laini, Bi Zuhura. Msikilizaji mwenye akili atafahamu."

Ningeweza kukataa. Nataka mlijue hilo, kwa sababu nimewasikia mkisema siku zile wazee walibanwa. Hakuna aliyenibana. Nilikuwa nimechoka, juma zima nilikuwa nikigombana na watu, na Bwana Makame alikuwa ameniomba vizuri. Nikachukua kalamu, nikafuta mistari minne, nikaandika mmoja. Saa tisa na robo niliusoma hewani kwa sauti yangu hii ya misiba: "Timu ya Matemwe inakabiliwa na changamoto ndogo za kiufundi, ambazo inaamini itazimaliza kabla ya kuanza kwa mbio."

Jumamosi boti ilikuja. Mzigo wa Makame haukuwemo. Mkaguzi wa kamati alitazama kofia za madereva, taa na mtungi wa kuzimia moto, akapiga muhuri. Hakuna aliyeinama. Gari ikaondoka.

Nilikuwa kwenye mstari wa kumalizia pale habari ilipofika. Kipande cha tatu, kabla ya kuingia kijijini, barabara inakata kulia ghafla kuukwepa ukuta wa mawe wa shamba. Vuai alikanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Gari ilibomoa ukuta ikajipigiza kwenye mnazi kwa ubavu wa kushoto. Watazamaji, wanawake na watoto wengi, walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli. Vuai alitoka na michubuko. Pandu alitolewa na watu sita, paja limevunjika mara mbili.

Nilikwenda kumwona hospitali Jumatatu, nimebeba machungwa. Mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Mkewe, Mwanajuma, amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu."

"Nshapoa," akasema Pandu, na kila mtu aliona hajapoa.

Tukazungumza yale ya kuzungumza hospitali, daktari kasema nini, usingizi unapatikana. Mwanajuma akachukua chungwa akaanza kulimenya. Kisha Pandu akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza habari za jirani:

"Nilikisikiliza kipindi."

Nikaanza kuyapanga machungwa kando ya kitanda. Akaendelea:

"Nlikuwa nakungojea useme. Mimi ule mpira nlijua haufai. Lakini yule mkwe wangu, Bi Zuhura. Nyumba nnayokaa kanipa yeye. Siwezi kusimama mbele yake nikamwambia gari yako mbovu, mimi sipandi. Nikasema moyoni, kesho Bi Zuhura atasema redioni, basi na mimi ntapata pa kushika. Ntamwambia, baba, hata redio imesema." Akauweka sawa mto wake. "Nikaiweka redio karibu kabisa. Ukasema changamoto ndogo."

Kisu cha Mwanajuma kilisimama kwenye ganda la chungwa. Hakunitazama. Kisha akaendelea kumenya.

Tangu siku ile nimetafuta majibu mengi ya kumpa Pandu. Kila moja nikilisema kwa sauti peke yangu, linasikika kama ule mstari niliousoma hewani. Siku yenyewe nilisema, "Nisamehe." Akasema, "Nshakusamehe," upesi sana, kwa adabu, kama anavyomjibu kila mkubwa wake. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mtu huyu hakuwahi kumkatalia mkubwa kitu chochote maishani mwake, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimepewa nafasi ya kukataa kwa niaba yake.

Mguu ulipona ukiwa mfupi. Pandu hakukimbia tena. Alifungua kibanda cha vipuri njia ya kuingilia kijijini kwao, na nasikia hakuuzii mpira wa breki uliokwisha kutumika hata ukimpigia magoti. Mdhamini alijitoa, kama ilivyoogopwa. Na Bwana Makame, miezi kadhaa baadaye, alikuja ofisini kwetu Mji Mkongwe, akapanda ngazi zote zile, akakaa, akanywa chai yangu, akasema, "Lakini Bi Zuhura, ungesema tu. Ningekukasirikia, basi."

Lahaula! Nilitamani kumtupia kikombe. Mtu aliyenivuta mkono mpaka kwenye kamba za mwani! Lakini nilipomtazama niliona amezeeka kwa miezi ile, na alikuwa anasema kweli. Angenikasirikia, basi. Hicho ndicho nilichokuwa nimekikwepa, kukasirikiwa na mzee mmoja mpole kwa wiki mbili tatu.

Kuanzia hapo nilisema. Gari mbovu niliiita mbovu, na kilicho kibovu nikakitaja kwa jina. Meneja alinionya, kisha akazoea, kisha akahamishwa. Timu za watu zilinichukia kwa zamu. Michenzani walinigomea msimu mzima kwa sababu nilisema dereva wao hajui kusubiri injini ipoe. Fumba ndio walionichosha zaidi. Wao walikuja na timu ya kisasa, fulana zinazofanana, gereji yenye vigae, na bwana mdogo wa kugawa habari. Ukimuuliza jambo anakupa karatasi. Karatasi ya kila mbio ilisema timu iko imara na ina ari kubwa. Nilimwambia ari hainihusu, nataka kuiona rejeta. Akaniandikia karatasi nyengine. Mwisho kiongozi wao, Bwana Nassor, alinipiga marufuku kuingia getini, nikawa nasimama nje ya uzio na mwavuli, nasikiliza injini inavyounguruma, nahesabu mara ngapi wanaongeza maji.

Tathmini yangu ya mwisho kabla ya kustaafu niliifanya hivyo, kutoka nje ya uzio. Nilisema hewani Fumba ndio wenye kasi kuliko wote, na gari yao itachemka kabla ya adhuhuri, kwa sababu mbio mbili zilizopita muda wao uliharibika kila jua lilipopanda, na Alhamisi niliona wameijaza maji mara nne kwa saa moja. Bwana Nassor akapiga simu hapohapo, kipindi kinaendelea.

"Bi Zuhura, umetuua!"

"Sikukuueni. Nimekwambieni."

"Umeiona wapi gari yetu wewe?"

"Uzioni. Nifungulie geti niione vizuri."

Akakata. Lakini Jumamosi gari ya Fumba haikufika kwenye mstari wa kuondokea. Walikuwa gerejini wameifungua rejeta, na ndani mlikuwa na matope kama ya mtoni. Wakakimbia Jumapili tu, kwa adhabu ya muda, wakamaliza wa mwisho. Bwana Nassor alinipita jioni ile kwenye mstari wa kumalizia, jasho linamtoka, uso umekunjika.

"Tumemaliza wa mwisho," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naendesha.

"Mmemaliza," nikamjibu.

Hakunishukuru, na sikumngojea anishukuru.

Basi nimestaafu. Ijumaa iliyopita nilikuwa jikoni, nimefungua redio, kipindi kikaanza. Asya, binti mliyemkabidhi nafasi yangu, ana sauti safi kuliko yangu na hatetemeki. Akasema Michenzani wako vizuri. Akasema Fumba wako vizuri pia. Akasema kwa ujumla timu zote zimejipanga na mashabiki watarajie ushindani mkali. Dakika nne nzima, na sikusikia muda wa kipande hata kimoja! Nikazima jiko, nikapiga namba ya wasikilizaji.

"Haloo, jina lako nani na unapiga kutoka wapi?"

"Zuhura. Nyumbani kwangu."

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Nna swali. Hiyo ya Michenzani kuwa vizuri, mmeiona kwa macho au mmeambiwa?"

Nilimsikia anavuta pumzi. Angeweza kunidanganya. Angeweza kusema laini mbaya akanikata. Nimewahi kuifanya hiyo, inafaa sana.

"Tumeambiwa," akasema. "Wametuma ujumbe."

"Haya. Mbio ni kesho."

Nikakata mimi. Redioni ukapigwa wimbo, na baada yake mwengine. Kisha fundi mitambo akasema kwamba mtangazaji ametoka kidogo na tathmini itaendelea saa kumi na mbili jioni. Nilijua meneja wenu atakuwa anazunguka chumba.

Saa kumi na mbili Asya alirudi hewani, anahema. Akasema amekwenda Michenzani mwenyewe, gurudumu la nyuma la kulia linacheza, amelishika kwa mkono wake, na kwa hali ile gari haifai kuondoka kesho. Simu za hasira zikaanza kuingia kabla hajamaliza. Alizipokea zote, moja moja, mubashara. Safari hii sauti ilikuwa inamtetemeka, na hakufuta hata neno moja alilolisema.